Wasifu wa baba asiye na cheo: mwongozo kamili, tangu turubai linapofungwa hadi arobaini

Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimeshushwa kwenye kirikuu, na kikao cha kwanza cha familia kimeshagawa kazi: nani chakula, nani usafiri, nani jeneza, nani atashika daftari la rambirambi. Karibu na mwisho mwenyekiti anauliza, "Na wasifu nani ataandika?" Macho yote yanamgeukia aliyesoma kuliko wengine, au mwenye kompyuta. Kama yamekugeukia wewe, huna muda mrefu. Mara nyingi ni siku mbili tatu tu kabla ya mwili kuagwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwao.

Mwongozo huu ni wa wasifu wa aina moja: ule wa mzee wa mji mdogo aliyefanya kazi ya mikono maisha yake yote, akalea, akasomesha, na hakuwahi kuitwa mkurugenzi wala mheshimiwa. Fomu tunayoijua wote, yaani kuzaliwa, elimu, ajira, vyeo, ndoa, ugonjwa na kifo, inamkaa vizuri mtumishi wa serikali. Ukimjazia fundi, elimu inaisha kwa sentensi moja, ajira kwa mbili, vyeo havipo kabisa, kisha mwandishi anaziba nafasi iliyobaki kwa "alikuwa mcheshi, mchapakazi na mpenda watu". Sentensi hiyo ilisomwa kwa marehemu wa wiki iliyopita na itasomwa kwa wa wiki ijayo. Waombolezaji wanatikisa vichwa, na hakuna hata mmoja aliyemwona mzee.

Ili tusiongee hewani nitatumia mzee wa mfano, niliyemuunga kutokana na wazee wengi wa namna yake. Ni fundi baiskeli wa Kilosa. Ujanani alikata mkonge Kimamba, baadaye akafungua banda lake mjini. Mke mmoja, watoto saba, wanne wanaishi Dar. Aliletwa Dar kwa matibabu, akafia huku. Wewe badilisha mji na kazi, weka mshona viatu wa Korogwe au dereva wa trekta wa Ifakara, hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: Jua utasomwa wapi, na kwa nani

Kabla ya kuandika herufi moja, muulize mwenyekiti wa msiba ratiba. Kwa familia ya Kikristo, wasifu wa mzee kama huyu husomwa mara mbili: kwenye ibada ya kuaga hapa Dar, halafu kwenye mazishi kule nyumbani. Muulize mchungaji au paroko unaingia sehemu gani, maana wengine wanataka usomwe kabla ibada haijaanza, wengine mwishoni, na hawapendi kushtukizwa.

Kwa familia ya Kiislamu mambo ni tofauti kabisa. Maziko hufanywa haraka, mara nyingi siku ile ile. Maiti ataoshwa, atakafiniwa, ataswaliwa, atazikwa. Hapo utahitaji sentensi tatu nne tu za kumtambulisha marehemu, pamoja na lile tangazo kwamba anayemdai au anayedaiwa naye ajitokeze kwa wanawe. Maisha yake kwa urefu yasubiri hitima au arobaini. Ukweli ni kwamba mwandishi wa familia hii ana bahati, kwa sababu ana wiki kadhaa za kuuliza watu wakiwa wametulia.

Sasa wasikilizaji. Msiba wa Tabata au Mbagala unajaa watu wanaowajua watoto wa marehemu: wafanyakazi wenzao, majirani, wanakwaya, wana vikoba. Mzee wenyewe wengi hawajawahi kumwona. Kilosa ni kinyume. Kule wamekaa watu waliomjua marehemu miaka arobaini kabla wewe hujaota ndevu, wanajua alipougua, alipogombana na kaka yake, na bei aliyokuwa akitoza. Ushauri wangu ni mmoja: andika ukiwafikiria watu wa Kilosa. Wasifu unaoweza kusomwa mbele yao bila mtu kugeuza uso utawatosha wa Dar, ila wa Dar ukiupeleka Kilosa unaweza kuaibika.

Urefu: dakika tano hadi sita. Kwa mwendo wa kusoma msibani, hayo ni maneno 600 hadi 700. Zaidi ya hapo jua linachoma na mshereheshaji anaanza kutazama saa.

Hatua ya 2: Piga simu kabla ya kushika kalamu

Usikae peke yako chumbani ukajaribu kukumbuka. Wewe ni mtoto wake. Unamjua baba wa nyumbani, tena baba wa miaka uliyokuwepo. Tafuta watu wanne wa aina tofauti.

Wa kwanza ni dada au kaka wa marehemu aliyebaki hai. Huyu ndiye mwenye utoto wake. Kama yuko Kilosa, mpigie, na umwombe ruhusa ya kurekodi. Mpe muda wa kulia kwanza. Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

"Shikamoo shangazi. Pole na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa."

"Shangazi, tunaandika wasifu wa baba. Alizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka mimi siujui. Ila baba yetu alipokwenda Kongwa kwenye karanga za Wazungu, huyo alikuwa bado ananyonya. Mama alimfunga mgongoni tukamfuata."

Umeona? Hakukupa mwaka, amekupa kitu kikubwa zaidi ya mwaka, na tutarudi kwenye hizo karanga hatua ya nne. Usimkatishe shangazi ili akupe tarehe. Mwache aende.

Wa pili ni mjane. Usimfuate siku ya kwanza. Kaa naye asubuhi ya pili, mkekani alipokaa, na umuulize mambo madogo: alikuwa anaamka saa ngapi, alikula nini kabla ya kwenda kazini, mshahara wa siku alikuwa anauweka wapi, nani alikuwa anahesabu. Kina mama wakiulizwa "baba alikuwaje" hujibu "alikuwa mzuri". Wakiulizwa hela za ada zilitoka wapi mwaka mtoto wa tatu anaingia sekondari, hujibu kwa nusu saa.

Wa tatu ni mwenzake wa kazini, na huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote. Fundi wa banda la pili. Kijana aliyejifunza ufundi kwake. Mteja wa siku zote. Mwombe akueleze kazi yenyewe, mkono kwa mkono. Kwa fundi baiskeli utasikia kwamba alikuwa anaujaza upepo mpira, anauzamisha kwenye karai la maji kipande kwa kipande, anatazama mapovu yanatokea wapi, anaweka alama kwa kijiti, anaukausha, anausugua kwa msasa ndipo anapaka solusheni, na kwamba hakubandika kiraka kabla gundi haijakauka hata mteja apige kelele namna gani. Hapo umepata "mchapakazi" bila kulitaja neno hilo.

Wa nne ni mtani. Kwenye misiba yetu watani hufika hata bila kualikwa, na wanasema yale ambayo familia haithubutu. Mtani akivaa kofia ya marehemu, akajikunja juu ya baiskeli ya kufikirika na kuiga alivyokuwa akimtazama mtu aliyeomba mkopo mara ya tatu, watu wanacheka hadi wanalia. Kaa karibu na usikilize. Si kila kitu utakiandika, ila ukisikia jambo ambalo kila mtu amelitambua papo hapo, jua huyo ndiye marehemu mwenyewe.

Wajukuu waulize pia, haraka haraka. Wao hukumbuka mifukoni mlikuwa na nini.

Hatua ya 3: Fungua sanduku la makaratasi

Kila mzee ana mfuko wa nailoni au sanduku la bati lenye karatasi zake. Mwombe aliyeko Kilosa alifungue mbele ya mtu mwingine wa familia, si peke yake, apige picha kila karatasi na kutuma. Msisitize atume kama dokumenti kwenye WhatsApp, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na maandishi madogo yanafutika.

Unachotafuta: kitambulisho cha taifa, cheti cha ubatizo kama alikuwa Mkristo, cheti cha ndoa, kadi za chama, kadi ya mpiga kura, leseni, barua za kazi. Kwa mzee aliyepitia mashamba ya mkonge au kiwanda, unaweza kukuta kadi ya NPF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulioanzishwa 1964 na kuwa NSSF mwaka 1997. Kadi hiyo itakuonyesha mwajiri ambaye watoto hawajawahi kumsikia.

Usiziache stakabadhi. Risiti za ada zilizofungwa kwa mpira, moja moja kwa miaka mingi, ni wasifu tosha wa baba aliyesomesha. Na kama kuna daftari la madeni la bandani, lisome mwenyewe, ujue alikuwa anakopesha watu wa namna gani, kisha lirudishe kwa mkubwa wa familia. Majina ya waliokopa yasifike kwenye kipaza sauti. Wapo watakaokuwa wamekaa viti vya mbele.

Hatua ya 4: Panga tarehe

Wazee wengi wa umri huu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ukikuta kitambulisho kinasema 1 Januari au 1 Julai, jiulize kama hiyo ni siku aliyozaliwa au siku aliyopangiwa dirishani. Hapa ndipo shangazi na karanga zake wanaposaidia. Mpango wa karanga wa Kongwa ulianza 1947 na serikali ya Uingereza ikaufunga 1951. Mtoto aliyekuwa ananyonya wakati baba yake anakwenda kutafuta kibarua kule amezaliwa kati ya 1946 na 1949 hivi, hata kama kitambulisho kinasema 1952.

Fanya hivyo hivyo kwa mambo mengine. Mtu hakumbuki mwaka aliooa, lakini anakumbuka kulikuwa na nini. Alioa kabla au baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967? Walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, iliyopamba moto kati ya 1973 na 1976? Harusi ililiwa ugali wa unga wa njano, ule waliouita unga wa Yanga? Mtoto wa kwanza alikuwa amezaliwa vijana walipokwenda Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979? Banda lilikuwepo wakati wa msako wa wahujumu uchumi wa 1983? Alikuwa wapi redio ilipotangaza kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, 12 Aprili 1984, na cha Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba 1999? Swali la Sokoine linafanya kazi vizuri sana kwa watu wa Morogoro, kwa sababu ajali ya gari iliyomuua ilitokea mkoani kwao, karibu na Dakawa.

Kila mji una alama zake pia. Kwa Kilosa ni mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyobomoa nyumba na kuing'oa reli. Mwulize mtu yeyote wa pale banda la mzee lilihamia lini mahali lilipo sasa, atakwambia "kabla ya mafuriko" au "baada".

Tarehe mbili zikigongana utafanyaje? Kwenye cheti cha kifo na kwenye msalaba au jiwe la kaburi fuata makaratasi, maana kutofautisha tarehe huko kutawasumbua warithi baadaye. Kwenye wasifu sema kwa unyoofu: "Kwa kumbukumbu za familia, alizaliwa mwaka 1948 hivi, muda mfupi kabla baba yake hajakwenda kibarua Kongwa." Hakuna atakayekulaumu.

Hatua ya 5: Majina ya familia yapite kikaoni

Hili ndilo linalovunja misiba, kwa hiyo lisiamuliwe na mwandishi. Orodhesha majina ya wazazi wa marehemu, ndugu zake kwa kufuatana, mjane, watoto na idadi ya wajukuu, kisha ipeleke kwenye kikao na uisome kwa sauti. Mtoto aliyelelewa na marehemu bila kumzaa anatajwaje? Mke aliyeachika lakini akamzalia watatu? Kijana aliyejitokeza juzi msibani na sura ya mzee kabisa?

Waamue wakubwa. Wakiafikiana, andika walivyoafikiana. Wasipoafikiana, usikubali kusukumwa na upande wowote. Andika "ameacha mjane, watoto na wajukuu", bila idadi wala majina, basi. Wasifu haugawi mirathi. Kuna kikao cha ukoo chenye muhtasari wake, na kuna mahakama. Ila jina likiachwa kwenye wasifu uliosomwa mbele ya watu mia tatu, mwenye jina hatasahau mpaka na yeye aandikiwe wake.

Tahajia pia. Mwombe kila mtu aandike jina lake mwenyewe kwenye karatasi. Usikisie.

Hatua ya 6: Andika, ukianza na kazi

Sasa una kurasa za maneno ya watu na dakika sita. Mpangilio ninaoupendekeza kwa mzee wa aina hii si ule wa fomu. Anza na aya fupi ya utambulisho: jina kamili, majina mengine aliyojulikana nayo, kuzaliwa, wazazi. Lile jina la utani la bandani liweke, maana nusu ya watu wa Kilosa hawamjui kwa jingine. Halafu nenda moja kwa moja kwenye kazi, na hapo ndipo ukae. Elimu iingie humo humo kama sehemu ya safari, si kichwa cha habari kinachotangaza kwamba aliishia darasa la nne.

Tazama tofauti. Hii ndiyo aya ya kawaida:

"Marehemu alijiajiri katika shughuli za ufundi baiskeli. Katika maisha yake alikuwa mchapakazi, mwenye upendo na mwenye kujali familia yake."

Na hii ni aya iliyotokana na simu zako:

"Mwaka 1976 marehemu aliacha kukata mkonge Kimamba, akafungua banda chini ya mwembe karibu na stesheni, akiwa na pampu moja na spana tatu za kuazima. Alifungua kabla jua halijatoka ili walimu na wauza maziwa wasichelewe. Mwanafunzi akija na pancha hakumtoza. Alimwambia, 'Utanilipa ukianza kazi.' Chini ya mwembe huo alisomesha watoto saba. Spana za watu alizirudisha mwaka uliofuata."

Sentensi ya mwisho ndiyo itakayowafanya wazee wa Kilosa watazamane. Inatoka kwa yule mwenzake wa kazini, na hakuna mtoto ambaye angeijua.

Baada ya kazi, nyumba. Ndoa itajwe kwa heshima yake: lini, wapi, na nani, na walijenga vipi maisha. Mwanaume wa kizazi kile mara nyingi hakuwaambia watoto kwamba anawapenda, kwa hiyo usimtie mdomoni maneno ya mapenzi ambayo hakuyasema. Andika alichofanya. Alipanda treni usiku kucha kuleta unga bwenini. Aliuza baiskeli yake mwenyewe, Phoenix aliyoitunza kama yai, muhula wa mtoto wa nne ulipokwama. Alitembea miezi yote ile kwa miguu, yeye fundi baiskeli.

Kisha jamii na imani, kwa ufupi: jumuiya, msikiti, kamati ya shule, mgambo, timu ya mpira aliyoishabikia. Hapa mtu hupenda kuweka orodha ndefu. Chagua vitu viwili ambavyo kweli alikuwa akivihudhuria.

Na kasoro zake? Swali hili huulizwa kwa kunong'ona. Sisemi umwanike. Lakini mzee aliyekuwa mkali sana ukimwita "mpole" mbele ya waliochapwa naye, wasifu wote unapoteza thamani pale pale. Kuna namna: "Marehemu hakupenda uvivu, na aliyekawia kuamka alilijua hilo mapema." Watoto wake watacheka, na kucheka huko ni kuzuri. Yaliyo mazito zaidi, ulevi, ugomvi, nyumba mbili, yanyamazie. Kunyamaza si kusema uongo.

Ondoa maneno haya kila unapoyaona: "pengo lisilozibika", "nguzo ya familia", "kisima cha hekima". Shairi ulilotumiwa kwenye kundi la msiba lisiingie pia, hata kama shemeji amelisisitiza. Mpe nafasi alisome mwenyewe kwenye neno la familia.

Hatua ya 7: Ugonjwa na kifo

Sentensi tatu zinatosha. Alianza kuugua lini, alitibiwa wapi, alifariki siku gani na saa ngapi. Jina la ugonjwa litajwe tu kama mjane na wakubwa wameridhia. Malalamiko dhidi ya hospitali, ya nani alichelewa kutuma hela, au ya mchawi anayeshukiwa, hayana nafasi hapa. Watajwe kwa shukrani waliomuuguza, hasa yule binti au mkwe aliyelala naye wodini, kwa jina, kwa sababu kwenye vikao vya msiba wenye pesa hushukuriwa mara tano na yeye hata mara moja.

Malizia kwa maneno ya imani yenu. Wakristo wengi husema "Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe". Waislamu "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun". Usiyaongezee.

Hatua ya 8: Mhakiki na uchapaji

Mpe asome mtu wa Dar na mtu wa Kilosa, kila mmoja peke yake. Wa Dar atakwambia pasipoeleweka, wa Kilosa atakwambia pasipo kweli. Usiutupe kwenye kundi la WhatsApp lenye watu themanini, utapata masahihisho themanini na ugomvi mmoja.

Picha ya mbele ya kijarida isikatwe kwenye kitambulisho, sura ile ya mtu aliyeshtuliwa na kamera. Tafuta hata ya simu, akiwa amekaa bandani. Steshenari za Kariakoo na za jirani na hospitali kubwa wanajua kupanga kijarida cha msiba kwa haraka, lakini wana faili la marehemu aliyetangulia na wanaandika juu yake. Soma kila mstari kwenye skrini kabla hawajachapa. Imewahi kutokea jina la mjane wa mtu mwingine likabaki.

Chapa pia nakala ya msomaji: herufi kubwa, mistari iliyoachana, upande mmoja wa karatasi, kurasa zenye namba. Usisome kutoka kwenye simu. Juani kioo hakionekani, na katikati ya utoto wa marehemu itaingia simu ya dereva wa Kosta.

Hatua ya 9: Kusoma

Msomaji si lazima awe mwandishi, wala mtoto mkubwa. Awe mwenye sauti na aliyeusoma kwa sauti angalau mara mbili kabla. Mjukuu wa kidato cha nne anayesoma taratibu ni bora kuliko mjomba mwenye heshima aliyeukuta leo. Asimame na msaidizi pembeni mwenye nakala ya pili. Akizidiwa, msaidizi aendelee kutoka sentensi ile ile bila maelezo.

Usirudie itifaki, mshereheshaji ameshaimaliza. Jitambulishe, taja uhusiano wako na marehemu, anza. Spika za kukodi zina mwangwi, kwa hiyo tulia kila mwisho wa sentensi. Watu wakicheka, subiri wamalize.

Kilosa, kabla ya kusoma, pita kwanza kwa yule shangazi na yule fundi wa banda la pili. Waamkie, waambie umetumia maneno yao. Wakitaka kurekebisha jambo, rekebisha kwa kalamu pale pale.

Hatua ya 10: Baada ya udongo

Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili, au kwa msajili wa wilaya, kwa hiyo kibali cha mazishi na karatasi za hospitali zisipotelee kwenye gari. Aliyekabidhiwa wasifu ana tarehe zote mkononi. Ni rahisi yeye ndiye asaidie kujaza fomu.

Wasifu wenyewe uandike upya kabla ya arobaini. Msibani utakuwa umesikia mambo mengi mapya: mteja wa zamani aliyekuja na hadithi, mzee wa Kimamba aliyekumbuka jina la nyapara wao. Sasa huna kikomo cha dakika sita, andika kurasa kumi ukitaka. Zile rekodi za simu zihamishie kwenye kompyuta na kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Za shangazi kwanza.

Na nakala moja ya karatasi ibaki Kilosa, kwa anayeishi kwenye nyumba, ndani ya bahasha moja na kadi ya NPF na cheti cha kifo, maana simu hubadilishwa, na kundi la WhatsApp la msiba hufungwa mara tu hesabu za rambirambi zikishasomwa.